Mzima Namba Kumi na Saba

Nilikuwa mkusanya mikojo, na sikuona haya. Walionicheka niliwaambia kwamba mkojo wa mtu hausemi uongo, kazi hiyo imeachiwa midomo yao. Dada yangu, fundi cherehani, alinibatiza Bwana Mikojo. Kila nilipochungulia kwenye chumba chake cha kushonea aliwaonya wateja wabane mapaja.

Siku ile nilimfuata kwa sababu kundi la wazima lilikuwa halijatimia. Maabara yetu ilikuwa inalinganisha watu thelathini wenye maradhi ya ini na nyongo na watu thelathini wasio na maradhi yoyote. Mashine ilipima mamia ya kemikali kwa mpigo, lakini sisi tuliwinda moja tu: urobilini, rangi inayoupa mkojo umanjano wake. Damu ikichakaa, ini hutengeneza rangi na kuimwaga utumboni pamoja na nyongo. Bakteria wa utumbo huivunjavunja, na kipande kidogo hutoka kwa njia ya figo. Kipande hicho kikipungua mno, huenda nyongo imezibwa njiani, na rangi nyingine nzito ikapenya kwenye mkojo badala yake.

Wagonjwa tulikuwa nao tele. Waliotupiga chenga ni wazima.

"Dada, nataka mkojo wako."

"Ndiyo hodi za siku hizi?" Alikuwa na pini mdomoni. "Wa mke wako umekwisha?"

"Sina mke."

"Utampata wapi? Mwanamke gani ataolewa na friji ya mikojo?"

Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno alicheka mpaka futi ya kupimia ikamponyoka dada. Nikatoa fomu. Swali la kwanza liliandikwa kwa herufi nene, nami nikalisoma kama lilivyo.

"U mzima?"

"Mzima," akajibu, huku akikata uzi kwa meno.

Nikatia alama ya vema. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe, dada yangu namjua: hanywi, havuti, hajameza dawa. Akaenda chooni, akarudi na kichupa alichokifunika kwa kipande cha kitambaa. Sikukitazama. Mkojo wa dada yako hautazamwi. Nilikizungushia foili upesi, maana mwanga huiharibu rangi ile, nikakitia kwenye sanduku la barafu. Kule maabara, Daktari aliyeongoza utafiti aliondoa majina, akabandika namba, akafungia daftari kabatini ili tusijue nani ni nani.

Wiki mbili baadaye Kilele akaniita. Kilele ndiye mwendesha mashine. Tulimpa jina hilo kwa kuwa kutwa nzima anahesabu vilele vya grafu.

"Bwana mdogo, huyu mzima namba kumi na saba vipi? Mbona amekauka?"

Pale paliposimama mlima kwa wenzake wote, kwake palikuwa na kichuguu.

"Labda alimeza antibiotiki, zikamwulia bakteria."

"Fomu inasema hajameza kitu."

"Basi anaumwa."

"Fomu inasema mzima." Kilele akanigeukia. "Umekiacha dirishani wewe."

"Mimi? Mimi niache kichupa juani?"

"Fomu haijakosea, mashine haijakosea. Kabaki nani hapa?"

Tukaenda kwa Daktari. Akaweka karatasi mbili mezani. Bila kumi na saba, wazima walijipanga huku na wagonjwa kule, kama timu mbili kabla ya filimbi. Pamoja naye, mzima mmoja alikuwa amesimama katikati ya wagonjwa, akiharibu picha.

"Sitaki kujua nani kaacha nini wapi," Daktari alisema kwa upole. "Andika sababu, tumtoe, tuendelee."

Nilijua sikukiacha dirishani. Kila kichupa nilikibeba kama yai. Lakini Kilele alikuwa anapiga miayo, na Daktari alikuwa ameshaninyooshea kalamu. Nikaandika: *Imeharibiwa na mwanga.* Nikatia sahihi. Kiburi changu chote kile, ambacho nilikimwaga ovyo mitaani kwa watu wasio na maana, sikukitumia siku pekee kilipohitajika.

Haikupita miezi miwili dada akaanza kujikuna. Kwanza alilaumu kitambaa cha sufu alichokuwa anakishona. Akabadili kitambaa, akazidi kujikuna, mikono ikafanya michirizi. Adhuhuri moja alitoka mlangoni kunipa mkoba wangu, jua likampiga usoni, nikaona macho yake. Yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Hospitali walimpiga picha siku hiyo hiyo. Uvimbe kwenye kongosho, umebana mfereji wa nyongo, na mbegu zake zimeshasambaa kwenye ini. Wangeweza kumtuliza maumivu. Kupasua, hapana.

"Ulianza lini kujisikia vibaya?" daktari wa wodi alimwuliza mbele yangu.

"Siku nyingi. Chakula sikitaki. Choo mara cheupe kama chokaa, mara cha kawaida. Mkojo kama chai ya rangi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Mimi nilimwuliza. Nilimwuliza kama kila mtu anavyouliza mlangoni, naye akajibu kama kila mtu anavyojibu, hata yule ambaye hajainuka kitandani siku ya tatu. Wasomi wetu walikaa wiki nzima kutunga swali la kisayansi, wakatunga salamu. Na mimi, mtoto wa lugha hii niliyenyonya nayo ziwa, nilitia vema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari, nikamwomba afungue daftari. Njia nzima nilikuwa naomba: iwe kumi na sita, iwe ishirini, iwe yoyote. Alishusha kidole taratibu kwenye safu ya majina. Kilipofika kwenye jina la dada, kikasimama. Alinigeuzia daftari nisome mwenyewe.

"Tungempeleka hospitali wiki ile," nikasema, "wangempasua?"

"Labda."

"Labda kiasi gani?"

"Sijui, mwanangu. Labda."

"Na wale wazima wengine? Wote tumewauliza vile vile."

"Makala ya utafiti imeshakubaliwa na jarida." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kuwatafuta kwa majina kunataka kibali cha kamati ya maadili."

"Kamati inakaa lini?"

"Baada ya miezi minne."

Nikamwambia grafu yake ni nzuri kwa sababu imemtoa dada yangu. Nikamwambia na mengine ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Alifunga kabati. Tangu siku hiyo sina kazi, na grafu iko pale pale, haina doa.

Nilimkuta dada ameketi kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, lakini gurudumu halizunguki. Nilijikaza nikamweleza yote: fomu, kichuguu, kalamu, sahihi yangu. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisikiliza akiwa ameinamia gauni la mtu.

"Kwa hiyo mlikiona," akasema.

"Tulikiona."

"Mkakimwaga."

"Tukakimwaga, dada."

"Na ulijua hukukiacha juani."

"Nilijua."

Akajaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tatu, ukamshinda. Nilipoutaka nimsaidie, akaurudisha kifuani kwake.

"Mama asijue. Akijua atakuwa amepoteza watoto wawili."

"Sawa."

"Na usinililie humu. Hili gauni la bibi harusi, litapata madoa."

Nikajifuta. Nje mtu alibisha akiuliza nguo yake, dada akamwambia aje wiki ijayo. Mtu akasema wiki iliyopita pia aliambiwa hivyo. Akaondoka akinung'unika. Kisha dada akaupeleka mkono nyuma, akatafuta mahali pasipofikika, akakata tamaa.

"Njoo unikune."

Nikasimama nyuma yake.

"Sijakusamehe," akasema. "Nikune tu. Siyo hapo. Juu. Kushoto kidogo. Kwa kucha, bwana, usinipapase kama unafuta vumbi."

Nikamkuna. Mwasho haukupoa.