Vidole Vinne vya Twiga

Uvumi aliuleta muuza mayai, na fundi cherehani alishindwa kuumeza wala kuutema: kwamba yule mama aliyehamia nyumba namba tisa hakuzaliwa. Alijumlishwa, kisha akagawanywa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Fundi alikuwa anashona sketi za shule, kila moja akiiachia pindo la vidole vinne, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Wateja wote walijua msemo wake: nguo ya mtoto haikatwi, hukunjwa.

"Wamechukua wanawake wote wa dunia hii," alisema muuza mayai. "Urefu wao, uzito wao, maji wanayokunywa, saa wanazolala. Wakajumlisha, wakagawanya. Jibu lake ndiye huyo shoga yetu mpya."

"Na anakula?"

"Mayai manne kwa wiki. Hazidishi, hapunguzi."

Ilikuwa kweli. Watu wa Ofisi ya Mahitaji walikuwa wamekusanya takwimu za nchi zote ili kila binadamu apate maji, choo na paa. Kwa takwimu hizo walichora bomba moja la kufaa watu wote, wakalisimika mwisho wa mtaa. Anayechota alikanyaga bamba la chini, utosi ukagusa chuma cha juu. Kimo kikilingana, maji yalimwagika. Kisipolingana, yalidondoka tone moja moja. Ukiinama, bomba lilijua. Ukipanda juu ya tofali, lilijua pia. Kisima cha zamani kilifukiwa wiki hiyohiyo kwa sababu hakikuwamo kwenye mchoro.

Mtaa ulimwita yule mama Mama Wastani. Alikuwa na watoto wawili nukta nne. Yule wa tatu alianzia magotini kushuka chini. Alikwenda shule kila siku bila kuchelewa, na fundi alimtilia viraka soksi zake. Mama Wastani akikanyaga bamba, ndoo ilijaa kabla hajamaliza kusalimia watu.

Fundi alikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na minne, aliyerithi kimo cha marehemu baba yake. Walimwita Twiga. Kwenye mpira wa pete alikaa golini, na timu za shule nyingine zilikuwa zikimwona tu zinaanza kulaumiana. Kwa bomba, fundi mwenyewe alikuwa mfupi mno, na Twiga alizidi kwa vidole vinne. Ndoo yake ilianza kudondokewa alfajiri, na mpaka kengele ya shule inalia haijafika nusu.

"Twiga wako leo kapata kikombe?" muuza mayai aliuliza.

"Wewe uza mayai yako."

Fundi alikwenda Ofisi ya Mahitaji. Dada wa michoro alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akaangalia kompyuta yake.

"Bomba halina kasoro, mama," alisema kwa upole. "Ukiitazama dunia nzima, limefaa kabisa. Nyinyi wa hapo ndio mmetofautiana."

Jioni ile Mama Wastani alibisha hodi, ndoo ya maji mkononi. "Jirani, nimekuchoteeni. Kwangu mitungi yote imejaa."

"Tunayo," fundi alijibu, na sufuria nyuma yake ilikuwa kavu. "Nenda kamwogeshe huyo nusu wako."

"Si nusu, ni nukta nne," alisema Mama Wastani bila kukasirika, akaondoka na ndoo yake. Hakumwaga hata tone. Hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Hakulala. Alihesabu vitu vya yule mwanamke: mlango uliomtosha, kiti kilichomtosha, mgongo usiomuuma. Mtu asiye na mama wala kitovu, na dunia yote imeshonwa kwa kipimo chake.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alimwita binti yake, akamlaza juu ya meza ya kukatia, akatoa futi shingoni. Alipima kimo, akapiga mistari miwili ya chaki chini ya magoti, vidole vinne kati yake.

"Mama, si ukunje tu?" Twiga aliuliza. Alikuwa amekulia chini ya cherehani na kazi aliijua.

"Pindo linaonekana. Yule akiliona atajua tumemfuata yeye."

Akakata. Damu haikutoka, maana mkasi ulikuwa umetoka kunolewa. Aliunga kwa mshono wa ndani, uzi wa rangi ya ngozi, na kazi ilikuwa safi. Hata muuza mayai aliisifu. Jumapili maji yalimwagika kwa kishindo. Fundi aliichukua ndoo mwenyewe, akazunguka njia ndefu ili apite mbele ya namba tisa, na pale mlangoni akaiyumbisha makusudi imwagike kidogo.

Shuleni Twiga alitolewa golini. Walimpa kazi ya kushika maji ya wachezaji.

Mwaka uliofuata zilitoka takwimu mpya. Watoto wa dunia walikuwa wamekula vizuri zaidi, watu wamerefuka, na wanawake walizaa wachache. Mama Wastani aliamka amerefuka vidole vinne, na yule mtoto wake wa tatu alikuwa amebaki nyayo tu. Aliendelea kwenda shule. Dada wa michoro alikuja na fundi bomba, wakapandisha chuma cha juu. Twiga alikanyaga bamba, na maji yakaanza kudondoka tone moja moja.

Fundi aligeuza gunia lake la vitambaa juu chini. Alipata shingo za mashati, vipande vya mapazia, zipu mbovu. Vile vidole vinne alikuwa amevifagia siku ileile, kwa aibu.

"Kingekuwa kimo chake hasa," alisema muuza mayai.

"Nimeona."

Siku hizi Mama Wastani anamjazia Twiga ndoo kila asubuhi na kuileta mpaka mlangoni. Fundi huwa ameinama, anatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi. Ahsante haijatoka bado. Bomba lipo palepale, na Ofisi imepewa tuzo.

Kwa akina mama wenye watoto wanaokua, haya muyaepuke:

Usimpime mwanao kwa futi uliyotoka kumpimia jirani.

Usiikatae ndoo kwa sababu ya mkono ulioileta.

Usipeleke malalamiko ukarudi umeamini kwamba kasoro ni wewe.

Usikate pindo la mtoto, hata kama ni wako, hata kama mkasi ni wako.

Ukishakata, usifagie siku hiyohiyo.