Kisanduku cha Ndugu wa Karibu

Mama mkubwa alinipigia saa nne asubuhi, nikiwa kazini.

"Mwanangu, majina yamebandikwa. Langu halimo. Au wamenisomea vibaya?"

Orodha ile ya upasuaji wa macho ilitoka kwenye programu yangu. Na yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita.

Kila fomu ikiingia kwenye kompyuta hugeuka safu ya visanduku, kila kimoja na ufunguo wake, yaani jina lake: umri, jicho, ndugu wa karibu. Fomu za zamani hazina hicho cha mwisho, nami niliagizwa nizizuie. Kazi ya mistari miwili. Programu ilitakiwa kuuliza: ufunguo huo upo? Mimi nikaiandika iulize: kuna kitu ndani ya kisanduku? Kwenye majaribio sikuona tofauti. Watu wote niliowabuni walikuwa na ndugu.

Nikafungua fomu yake. Kisanduku kipo. Kitupu. Programu ikamhesabu kama hanacho kabisa.

"Mama, mbona hukuniandika mimi?"

"Nikuandike ili wakusumbue kazini? Nilimwambia binti wa mapokezi apaache wazi, akasema haina neno."

Kweli, kwa kanuni haikuwa na neno.

Nilikwenda kwa mkuu wetu, ambaye ofisi nzima humwita Njoo-Kesho. Nilisema taratibu, macho chini: watu kumi na tisa wenye kisanduku kitupu wamekataliwa kimakosa, kosa ni langu, naomba waongezwe.

"Maji yameshamwagika, dada wa kompyuta. Madaktari wageni wanakaa siku tano, vitanda vimejaa." Akanisukumia orodha na kalamu. "Haya, nimtoe nani? Chagua wewe."

Nilisoma majina mpaka mwisho. Nikairudisha kalamu.

"Basi waje mwakani," alisema.

Daktari alishamwambia mama mkubwa kwamba mwakani hapatakuwa na jicho la kuokoa.

Nilirudi mezani, nikarekebisha mstari. Haikuchukua hata dakika. Kisha nikampigia.

"Wamesemaje?"

"Nafasi zimejaa, mama. Fomu yako ilikataliwa kimakosa."

"Na nani?"

Niliutazama ule mstari niliourekebisha.

"Ni kompyuta?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Angekuwa mtu, nisingemsamehe."