Ramani ya Fundo la Mwisho

"Mkia, usivute kamba," alisema Mama Kamba bila kugeuka.

Kamba iliendelea kuvutwa. Akageuka sasa, mkono kiunoni. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamesimama nyuma yake, mikono kwenye mafundo ya kamba, na huko mwisho kabisa binti yake wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkia kwa sababu ya mahali aliposhika, alikuwa amekita visigino ardhini kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni. Mama alisema maneno yake ya kila siku: shule haitusubiri, kengele haina mjomba, ukivuta wewe tunachelewa wote. Hakuwa amemaliza. Geti la mabati la yadi ya mbao lilisukumwa kutoka ndani, na lori likatoka kinyumenyume, matako mbele, likapita hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Misumeno ililia mle ndani kiasi kwamba hata injini haikusikika.

Alishusha pumzi. Alimshukuru Mungu, kisha akajishukuru kidogo na yeye, maana haikuwa mara ya kwanza. Mara ngapi alikuwa amesimama pale pale kumgombeza mtoto, na mara ngapi lori lilitoka wakati anagombeza. Aliamini ukali wake una baraka.

Kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia nguo. Miaka miwili nyuma, alipopata kazi ya kufagia madarasa, alikuwa anatoka asubuhi na binti yake mgongoni. Jirani akamwomba amchukue na wake, kwa kuwa yeye alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kisha jirani wa jirani. Walipofika watano alianza kuwapoteza machoni, huyu kasimama kwenye kioo cha saluni, yule kafuata paka, basi siku moja akaanua nguo, akaikata kamba ile na kuipiga mafundo. Tangu hapo hakuna aliyepotea. Watatu kati ya wale kumi na mmoja, kabla ya kamba, shule waliisikia tu kwa wenzao.

Ndiyo maana habari aliyopewa Jumatano ile ilimkata miguu. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, ndoo bado mkononi, akamweleza kwa upole kwamba barabara kubwa imepanuliwa na magari yameongezeka. Sasa kila msafara wa watoto lazima uwe na ramani iliyopitishwa na afisa wa barabara. Usio na ramani utasimamishwa. Afisa angekuja Ijumaa, lakini alikuwapo hata siku hiyo kwa shughuli nyingine, na kama ana kitu cha kuonyesha, amwonyeshe.

Mama Kamba aliomba karatasi. Alikaa kwenye benchi la nje, akafikiri, akachora nyumbani upande huu na shule upande ule, akaviunganisha kwa mstari. Aliupinda mstari mara mbili, kwa sababu njia ina kona mbili.

Afisa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikononi, kofia ngumu kwapani. Aliitazama karatasi ile kwa adabu, akaigeuza, akairudisha ilivyokuwa.

"Mama," alisema, "hii ni kamba."

Walicheka wote wawili, lakini Mama Kamba masikio yalimwaka moto. Afisa alimweleza anachotaka: mnavuka wapi, hatari iko wapi, kulia kuna nini, kushoto kuna nini. Kwa mfano, baada ya kona ya kwanza, kushoto kuna nini? Mama Kamba akajibu kuna nyumba. Nyumba gani? Alikuwa amepita pale asubuhi na mchana kwa miaka miwili, na hakujua. Akili yake ilikuwa nyuma kwa watoto, au mbele kwenye ndoo na mifagio. Njia yenyewe aliipita kama mtu anavyomeza maji.

Mchana, wakirudi, alimuuliza kijana wa fundo la kwanza, yule waliyemwita Jogoo kwa sauti yake. Baada ya kona ya kwanza, kushoto ukienda shule, kuna nini? Jogoo alimtazama kama aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Kuna ukuta wenye misumari, alisema, halafu kuna ukuta wa moto.

"Ukuta wa moto?"

"Si huu hapa," alisema Jogoo, na watoto wote wa upande huo wakanyoosha mikono kwa pamoja, wakaugusa ukuta ule wakipita, kama watu wanaosalimiana na jamaa. Mama Kamba naye akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa na joto. Nyuma yake, siku zote, palikuwa na tanuri la mikate.

Usiku ule hakulala vizuri kwa furaha: watoto waliijua njia.

Alhamisi baada ya shule aliwakusanya barazani kwake, akafagia sakafu, akatoa kalenda za miaka iliyopita. Alimpa kila mmoja ukurasa achore nyuma, na kipande cha penseli. Alisema chora njia ya shule, na hakusema zaidi. Fundi cherehani wa chumba cha pili alitoa kichwa dirishani, akauliza kama Mama Kamba sasa amefungua chuo kikuu. Akajibiwa kimefunguliwa, na yeye anakaribishwa kufagia.

Kisha kukawa kimya, kimya kile cha watoto wanaotoa ndimi nje wakifanya kazi.

Alizunguka akitazama mabegani mwao, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyotembea taratibu. Jogoo alikuwa amechora shule mara mbili. Ya kwanza ilikuwa karibu, ya pili mbali kabisa kwenye pembe ya karatasi. Alieleza kwamba hiyo ya karibu ni ya asubuhi. Mchana, ukiwa na njaa, njia inarefuka, na hilo kila mtu analijua. Msichana mmoja mnene, mpole, hakuchora nyumba hata moja. Alichora mbwa saba, akawapanga kwa tabia: huyu anabweka tu, huyu habweki, ndiye wa kuangaliwa, na huyu mzee hasimami hata ukimkanyaga kivuli. Mwingine alichora masikio. Alikuwa amechora sikio kila mahali panapolia: kinu cha kusaga, redio ya kinyozi, bomba linalovuja. Alisema anaweza kwenda shule akiwa amefumba macho, na Mama Kamba akamwambia asijaribu.

Mapacha ndio waliomkalisha chini. Walishika fundo moja siku zote, mmoja kushoto, mmoja kulia, wala hawakukubali kubadilishana. Yule wa kushoto alichora kuta tupu, nyufa zake, maandishi yake, miguu ya jongoo aliyepanda siku moja. Kwenye karatasi yake hapakuwa na mtaro. Yule wa kulia alichora mtaro mwanzo hadi mwisho, na mahali ulipovunjika mfuniko, na tairi lililotupwa ndani. Kwake hapakuwa na ukuta hata mmoja. Mama Kamba aliziweka karatasi ubavu kwa ubavu. Njia ikajifunga katikati kama zipu.

Alikaa akiitazama. Hakujua kama alitaka kucheka au kulia, basi akapangusa pua kwa kitenge.

Mkia alimaliza wa mwisho, kama kawaida yake katika kila kitu. Alileta karatasi yake kifuani, akaitoa taratibu. Ilikuwa imejaa mabegi. Mabegi makubwa, madogo, lenye zipu mbovu, lenye mkono mmoja, yamepangwa mstari kwenda juu, na huko juu kabisa kitu kidogo kama chungu chenye kilemba.

"Huyu nani?" aliuliza mama, ingawa alishajua.

"Wewe."

"Mbona mdogo hivi?"

"Uko mbali," alisema mtoto, bila kulaumu.

Mama alidhani anamwongoza binti yake kila asubuhi, kumbe mtoto alikuwa akimwona kama sisi tunavyoiona ndege. Alitaka kuikunja karatasi ile aiweke mahali, ndipo akaona pembeni, upande wa kulia, kitu kikubwa kuliko vyote. Ubao mpana uliopakwa penseli hadi ukawa mweusi, na chini yake maduara manne yakining'inia. Akauliza ni nini. Geti la yadi ya mbao, Mkia alisema. Na haya maduara? Magurudumu.

"Geti halina magurudumu, mama."

"Si ya geti. Ya lori. Yanaonekana hapo chini." Mtoto alionyesha nafasi kati ya bati na ardhi. "Yakianza kuzunguka, tunasimama. Mimi na wenzangu wa nyuma. Wewe ukiwa unaenda tu, ndipo tunakuvuta."

Barazani kulikuwa na kelele tena, watoto walikuwa wakibishana kuhusu mbwa. Mama Kamba hakusikia. Alikuwa anahesabu asubuhi. Ile ya jana. Ile ya mvua, alipomvuta mtoto sikio kwa kung'ang'ania. Ile ya siku ya mtihani. Kila mara pale pale, kila mara visigino vimekitwa ardhini, na kila mara yeye amegeuka na mdomo wake, na lori likapita mgongoni kwake.

Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia.

Mkia alishangaa. Alidhani mama anaona. "Unasemaga 'usivute kamba', unasimama," alieleza. "Nilijua ndivyo inavyosemwa watu wakisimama."

Ijumaa asubuhi afisa aliwakuta kwenye kona ya pili, karibu na geti la yadi ya mbao, kama walivyopatana. Watoto walimwamkia kwa sauti moja, akaitikia, akaanza kuzipokea zile karatasi moja moja. Alipofika kwenye mbwa alitabasamu. Alipofika kwa mapacha aliacha kutabasamu, akaziweka ubavu kwa ubavu mwenyewe, bila kuambiwa. Lakini kwa Mkia alitikisa kichwa. Alisema geti lile analijua, amelipima. Liko ndani ya mstari wa mpaka wa barabara, halina mteremko, na dereva ana msaidizi wa kumwelekeza. Hatari haipo. Na kusema kweli, aliongeza kwa upole uleule, michoro ni mizuri sana ya kubandika darasani, ila yeye anatakiwa kupeleka ramani, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Mama Kamba alimwona akilini mwalimu mkuu na sauti yake ya huruma. Aliwaona wale watatu walioisikia shule kwa wenzao tu, wamekaa mlangoni mchana kutwa, wakimchungulia kila apitaye. Angeweza kusema asante na kuondoka, hivyo ndivyo alivyozoea kufanya mbele ya watu wenye kofia ngumu. Badala yake alisikia sauti yake ikitoka.

"Bwana afisa, nakuomba uchuchumae."

"Samahani?"

"Chuchumaa tu, baba. Hapa, kwa huyu mtoto. Hata mimi sijawahi."

Afisa alitazama suruali yake. Alitazama watoto kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyecheka, wote wakimngojea kwa subira ya watu wanaosubiri mgeni avue viatu. Akaipandisha suruali kidogo magotini, akachuchumaa. Mama Kamba akachuchumaa upande wa pili wa binti yake.

Dunia ilishuka. Barabara ambayo siku zote ilikuwa chini ya miguu yake sasa ilikuwa mbele ya uso wake, pana, na magari yaliyopita hayakuwa na madereva, yalikuwa na matairi tu. Kuta zilipanda juu. Ukingo wa mtaro ulikuwa wa kufika magotini. Na geti la yadi ya mbao, ambalo ukisimama ni bati tu na kutu, lilikuwa na mstari mrefu wa mwanga chini yake, na ndani ya mwanga ule unga wa mbao, miguu ya watu, na matairi manne meusi yametulia.

Walikaa. Misumeno ililia. Msaidizi wa dereva alikuwa upande wa pili wa lori, miguu yake ilionekana, visigino vikimwelekea dereva, na kikombe cha chai kando yake chini.

"Bado," alisema Mkia.

Matairi yalibaki yametulia.

"Bado." Kisha akaweka mkono wake mdogo juu ya goti la afisa, kama anavyowekewa yeye. "Sasa."

Matairi yalianza kuzunguka, taratibu, bila sauti yoyote. Ilipita pumzi moja, mbili, tatu, nne kabla geti halijasukumwa. Lori likatoka na kivuli chake kikapita juu yao wote. Lilipokwisha kuondoka, afisa alikuwa bado amechuchumaa, na kofia yake ngumu ilikuwa imeanguka mchangani. Hakuiokota.

Alisimama baadaye, akaenda yadini, na wakamsikia akisema na mtu kwa sauti ambayo hawakuitarajia. Aliporudi aliziomba tena karatasi za mapacha. Alizipiga muhuri nyuma, juu ya miezi na tarehe za mwaka uliokwisha, akatia sahihi kwa kuegemea goti. Msafara uendelee, alisema, ila mvukie kwenye kinu cha kusaga, kabla ya kulifikia geti hili, nami nitaweka alama ya rangi pale. Alisema akimtazama Mama Kamba, kisha akakumbuka, akamtazama Mkia.

Mama Kamba alikuwa anapangusa vumbi kwenye sketi ya binti yake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Kengele ya shule ililia kwa mbali na hakuna aliyekimbia. Afisa alichuchumaa tena, safari hii bila kuombwa, akamuuliza mtoto kama kuna kitu kingine njiani ambacho watu wakubwa hawakioni.

Mkia alifikiri. Aliangalia viatu vya afisa, akaangalia barabara walikotoka, ndefu, ikipinda na kupotea nyuma ya ukuta.

"Nianzie wapi?"

"Popote."

"Basi mlangoni kwetu," alisema, "ukitoka, kuna jiwe."

Afisa akafungua ukurasa mpya wa daftari lake.