Mkono wa Kuficha Kicheko

Mama yangu hucheka kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Nilidhani ni adabu. Nikiwa darasa la sita nilianza kumwiga, na mwalimu akasema nimelelewa vizuri. Mwaka juzi Mama aliacha kusoma masomo kanisani kwetu Nkubu, akasingizia macho. Mimi na kaka yangu Koome tukamnunulia miwani. Karafuu hazikukosekana mfukoni mwake, na kila alipozungumza nasi alikuwa na moja shavuni. Tulimtania kwamba ananukia pilau kabla haijapikwa.

Jumatatu Koome alinipigia simu kazini Embu. Mafua ya Mama yalikuwa yameshuka kifuani.

Nilimkuta wodini Meru, kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa, barakoa ya oksijeni usoni. Kifaa cha kupima oksijeni kilichombana kidole kilisoma themanini na sita, chini ya inavyotakiwa. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Ruguru, alinivuta hadi dirishani.

"Mama yako anatokwa na damu kwenye fizi tangu lini?"

"Hatokwi na damu."

Hakubishana nami. Alinieleza tu alichokiona alipompokea: fizi zimevimba na kutoa usaha, meno matatu yanacheza. Ugonjwa wa miaka.

"Mafua ni virusi," alisema. "Wengi huyapata yakapita. Lakini bakteria wa fizi huvutwa na pumzi hadi mapafuni. Wakikuta virusi vimeshajeruhi huko, huenda hali ikawa mbaya zaidi. Watafiti bado wanalichunguza. Siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichomwangusha."

"Tufanye nini?"

"Dawa anapata. Hewa anapata. Mdomo unafaa kusafishwa mara tatu kwa siku, na wauguzi wamejaribu. Anaukaza."

"Ukisafishwa atapona?"

"Sijasema hivyo, dadangu."

Nilipewa vitambaa laini na dawa ya kusafishia mdomo. Nikaketi kando ya Mama, nikamwambia ni mimi, Kagwiria. Alinitazama, akatazama kile kitambaa, akageukia ukuta. Niliinua barakoa kidogo. Midomo ilikuwa imebanwa hadi imepauka. Namba ya kidole ikaanza kushuka, nikairudisha barakoa haraka.

"Marcella," aliita mwanamke wa kitanda cha pili, akimtazama Mama. Alikuwa nyanya mkongwe kutoka Kianjai, Shosho Makandi, ambaye mafua yaleyale yalikuwa yamemlaza na sasa alikuwa anapata nafuu. "Mfungulie mtoto. Unaficha nini humo, mbuzi mzima?"

Mama hakugeuka.

"Kumbe ni meno? Niangalie mimi." Shosho alifungua kinywa chake chote, wodi nzima ikaona. "Yamebaki mawili. Na hayo mawili yamekosana, hayakutani hata kwa mahindi."

"Shosho, utamkohoza," nilisema.

"Wewe msichana wa Embu, nyamaza. Mzee wangu alinipenda nikiwa nayo yote, akanizoea yakiisha. Siku hizi akinibusu anasema ni kama kunywa uji."

Mama akacheka. Mabega yake yalitikisika kwanza, kisha akageuka upande wetu, na mkono ukapanda kuelekea mdomoni kama siku zote. Ulikuwa mkono wenye dripu. Mrija ukauvuta, ukaishia kifuani. Nami nilikuwa nimeshainua barakoa nikidhani wakati umefika.

Kwa mara ya kwanza nikauona mdomo wa mama yangu ukicheka. Fizi zilikuwa nyekundu kama nyama mbichi. Harufu ambayo karafuu zilipambana nayo miaka hiyo yote ikanifikia usoni, na uso wangu ukakunjamana. Sikuutuma. Ulikunjamana tu.

Aliona.

Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta muuguzi, na muuguzi akaniomba nisogee. Mama alipotulia, midomo ilikuwa imefungwa tena. Nilimwomba radhi. Nilimwambia nilishtuka tu, kwamba mimi ndiye mjinga, kwamba ningalijua tungalienda pamoja kwa daktari wa meno. Chozi lake moja likaingia chini ya ukanda wa barakoa. Shosho Makandi alijifunika blanketi, akaacha utani.

Jumanne nilirudi mara tatu. Mara zote alikataa kwa kichwa. Koome alijaribu kwa sauti ya ukali, kisha kwa sauti ya sala. Nilimletea hata karafuu, nikazishika mbele yake kama mtu anayemwita kuku. Alifumba macho.

Jumatano saa nne asubuhi nilimkuta amelegea, hajitambui. Daktari Ruguru alikuwa ameongeza oksijeni na kubadilisha dawa, na alizungumza na Koome taratibu, akiwa ameinamisha kichwa. Kidole kilisoma sabini na tisa. Mdomo wa Mama ulikuwa wazi, umeachama wenyewe, pumzi zikiingia kwa kukwaruza.

Nililowesha kitambaa, nikaisogeza barakoa hadi puani. Nikaweka kiganja changu cha kushoto kati ya mdomo wake na wodi, mtu asione, na kwa mkono wa kulia nikaanza kusafisha, jino moja baada ya jingine, polepole, nikifuta damu. Uso wangu haukukunjamana. Hakuwa na macho ya kuuona.

Nilimaliza upande wa juu bila yeye kupinga. Siku mbili nilikuwa nimemwomba aufungue. Sasa nilitamani aufunge, aubane kwa nguvu zake zote, aning'ate kidole.