Mkanda Mfupi

Asubuhi ya Jumamosi ile, watu wa mtaa wa Mbotela walisema nyumba ya Beldina ilikuwa na mabibi arusi wawili. Wa kwanza, binti yake Mitchelle, alikuwa chumbani juu ya stuli, na baba yake Luseno akilizunguka pindo la gauni kwa magoti, pini amezibana midomoni. Wa pili alikuwa nje mlangoni, amefungwa utepe mweupe kutoka boneti hadi vioo vya pembeni: gari dogo kuukuu la buluu, limepigwa rangi upya hadi majirani wakawa wanajitazama meno humo.

Luseno alikuwa fundi cherehani. Beldina alikuwa mkereza vyuma katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Katika nyumba hiyo mume ndiye aliyeshika sindano na mke ndiye aliyeshika spana, na aliyetaka kucheka alikuwa ameshacheka hadi akachoka. Gauni lile Luseno alikuwa amelishona mwenyewe, shanga kwa shanga, akikataa hata kuonyesha mtu kipande chake. Beldina yeye hakuficha kitu. Kila Jumapili baada ya ibada alifungua boneti hadharani, Mitchelle akimpa vifaa, na mtaa mzima ulishuhudia injini ile ikivuliwa na kuvikwa upya.

Fahari yake kubwa ilikuwa supachaja. Aliing'oa kwenye gari la Kijerumani lililopondeka, akaichongea mabano ya chuma, akaifunga ubavuni mwa injini ili mkanda uizungushe nayo iisukumie injini hewa, ivute pumzi ya kifua kipana kuliko ilichoumbwa nacho. Beldina alipokanyaga mafuta, gari lilitoa mluzi mwembamba uliopanda na kupanda. Wauza mboga walioko Barabara ya Jogoo waliutambua kabla hawajaliona gari. "Mama Mitchelle huyo," walisema, na yeye, mikono juu ya usukani, alijifanya hasikii.

Basi siku ya kupanga harusi, Ng'ang'a, mjomba wa bwana arusi Dedan na msemaji wa ukoo wao, mfanyabiashara wa mbao mwenye sauti ya mtu asiyezoea kupingwa, alipojitolea gari lake kubwa jeupe limbebe bibi arusi, Beldina aliweka kikombe chini taratibu.

"Asante, mkwe," alisema. "Lakini mtoto huyu nilimleta duniani mwenyewe. Kanisani pia nitamfikisha mwenyewe."

Ng'ang'a alicheka kwa adabu. Beldina hakuisahau adabu ile. Usiku huo alilala akiigeuza kichwani, na alipofika kazini aliomba ruhusa ya kutumia mashine saa za mapumziko, akakereza puli mpya ya supachaja, ndogo kuliko ya kwanza, ili izunguke kwa kasi zaidi na mluzi uvume zaidi. Alitaka wakweze wausikie kutoka ndani ya kanisa.

Tangu aifunge puli hiyo, mkanda ulikuwa ukilia asubuhi injini ikiwa baridi. Aliusikia. Kama ni gari la mtu mwingine, angelizima hapo hapo na kumwambia mwenye gari kwamba puli ndogo huukaba mkanda, huufanya uteleze na kupata moto hadi umeguke. Lakini sikio la fundi, likigeuzwa kwa kazi yake mwenyewe, huota nta. Alijiambia mkanda mpya huchukua muda kuzoea.

Msafara ulitoka Mbotela kwa vigelegele, kuelekea kanisani mtaa wa Tena. Gari la buluu lilitangulia, Beldina usukanini na kilemba chake cha dhahabu, Luseno pembeni yake ndani ya suti aliyojishonea, Mitchelle nyuma akiwa amejaza kiti chote kwa gauni. Gari jeupe la Ng'ang'a lilifuata. Barabara ya Jogoo ilikuwa na nafasi, na Beldina akakanyaga. Mluzi ukapanda. Mtu mmoja aliyekuwa akipanga viatu vya mitumba alisimama, akainua kiatu juu kama anayepiga saluti.

"Taratibu, mama watoto," Luseno alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Karibu na Donholm, chini ya boneti kukasikika mlio mkali, kisha kofi moja zito, kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Mluzi ukakatika. Taa nyekundu ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Beldina hakuhitaji kuambiwa. Aliliburuta gari hadi kando ya barabara, akaizima injini kabla haijachemka, akakaa akitazama mbele.

"Ni nini?" Luseno aliuliza.

"Mkanda umekatika."

Alishuka, akafungua boneti. Vipande vya mpira mweusi vilikuwa vimetapakaa kila mahali, na uzi mmoja mrefu ulikuwa umejisokota kwenye puli ile mpya, ambayo ilikuwa inang'aa kwa joto la msuguano. Mkanda ule mmoja ulizungusha kila kitu: supachaja, pampu ya maji, jenereta ya kuchaji betri, pampu ya usukani. Ulipokatika, vyote vilikufa pamoja. Nyuma yake milango ya magari ilikuwa ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Alijua, bila kugeuka, ni viatu vya nani vinavyokuja kwanza.

"Pole sana, Mama Mitchelle," Ng'ang'a alisema. Hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Gari langu lipo. Bibi arusi ahamie kule, nyinyi mje polepole. Mchungaji anasubiri."

Muuzaji wa miwa aliyekuwa akisukuma rukwama yake alisimama kidogo. "Niaje, mathe? Mashine imekufa? Tusukume?"

"Bado, mwanangu," Beldina alimjibu. "Inapumzika."

Alisema hivyo kwa sababu ulimi una mazoea yake. Ndani, moyo ulikuwa umemshuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Alimwona Mitchelle kupitia kioo, shela limefunika uso wake, na mara moja alijiona alivyo: mwanamke wa makamo aliyetaka kuingia kwa wakwe kwa tarumbeta, akasahau aliyekuwa amembeba. Akaenda dirishani.

"Mwanangu, nenda na mjomba wa Dedan. Usichelewe kwa sababu yangu."

Mitchelle aliinua shela. "Umeweka mkanda wa akiba?"

"Ipo miwili butini. Lakini..."

"Basi mimi siendi popote."

"Mitchelle, nisikilize. Watu wanasubiri."

"Watasubiri bibi arusi, mama. Hawatasubiri gari. Na bibi arusi amekaa humu." Alifungua mlango. "Tangu nikiwa shule ya msingi nakushikia spana. Leo ndiyo niwe mgeni?"

Luseno aliruka kutoka upande wake. "Gauni!" alipaza sauti, mikono yake miwili mbele kama mtu anayezuia kuku asitoke. "Mitchelle, gauni!"

Beldina alilifungua buti. Aliyeunda kitu kwa mikono yake hubeba na shaka yake pia, na shaka ya Beldina ilikuwa imeviringwa vizuri kwenye kitambaa safi: mkanda mrefu, sawa na ule uliokatika, na mkanda mfupi, wa gari lilivyotoka kiwandani, pamoja na bomba la hewa la zamani. Mkanda mrefu ungerudisha mluzi. Pengine ungefika kanisani. Pengine ungekatika tena mbele ya lango la kanisa. Mkanda mfupi ungeiruka supachaja, iachwe pale ubavuni kama pambo, na gari lingekuwa gari kama mengine yote.

Aliushika mrefu. Akaupima mkononi, akaona jinsi ulivyo mzuri, mbavu zake zote nzima. Kisha akaurudisha kwenye kitambaa.

"Mnaweka upi?" Ng'ang'a aliuliza.

Beldina alimgeukia, akamtazama machoni. "Mfupi. Ile puli ndogo nimeikereza mimi, mkwe, na nimeikereza ndogo kupita kiasi. Nilitaka makelele. Mkanda haukuwa na kosa."

Alishangaa kwamba maneno hayo hayakumpunguza. Yalimtoka kama yanavyomtoka kiwandani anapokataa kipande chake mwenyewe na kukitupa pipani kabla msimamizi hajakiona: bila haya, kwa sababu anajua kingine atakachokitengeneza kitakuwa sawa. Ng'ang'a akaenda barabarani, akainua mkono wake mnene, akaanza kuwapungia wenye magari wapite mbali kidogo.

Beldina alivua kilemba, akakunja mikono ya nguo, akaanza na hewa. Alilitoa bomba lililokwenda kwenye supachaja, akalirudisha la zamani ili injini ivute hewa moja kwa moja. Ukabaki mkanda. Pale ndipo palipohitaji mikono ya watu wawili: mmoja wa kuvuta puli ya kukazia kwa spana ndefu na kuishikilia bila kutetereka, na mwingine wa kuupitisha mkanda kwenye njia yake. Mitchelle alikuwa amekwisha kuja upande ule, gauni amelikusanya mbele kwa mkono mmoja.

Luseno alimtazama binti yake. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameinama na mafuta hadi kwenye viwiko. Kisha akavua koti la suti yake, lile alilolikata kwa kipimo mara mbili na kulipiga pasi kwa kitambaa cha mvuke, akamfunga Mitchelle kiunoni, mikono ya koti ikazunguka nyuma na kukazwa fundo. Akalivuta likafunika gauni lote mbele.

"Haya," alisema. "Shika."

Mitchelle alishika. Alikanyaga ukingo wa lami kwa viatu vyeupe, akaivuta spana kwa uzito wake wote, na puli ikarudi nyuma. "Sasa, mama!" Beldina akaupitisha mkanda chini, kwenye gurudumu la injini, akaupandisha kwenye pampu ya maji, kwenye jenereta, kwenye pampu ya usukani. Mbavu zikaingia kwenye mifereji yake moja moja. Alipitisha kidole mzunguko mzima kuhakikisha hakuna uliokaa upande.

"Achia polepole."

Mkanda ukakaza. Beldina aliugonga kwa kidole, akasikia sauti yake, nzito na fupi. Sasa alikuwa anasikiliza.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Ilinguruma chini kwa chini, bila mluzi, na taa ya betri ikazimika. Mshale wa joto ulikaa mahali pake. Muuzaji wa miwa, ambaye alikuwa amesahau kuondoka, alipiga makofi, na akina shangazi wa Dedan waliokuwa wamesimama kando ya gari jeupe wakapiga vigelegele kana kwamba ndoa imefungwa pale pale.

Ng'ang'a alirudi akijipangusa jasho. Alilitazama koti la Luseno, jeusi kwa mafuta, akamtazama Mitchelle akilifungua. "Huyu mtoto," alimwambia Beldina kwa sauti ya chini, "mmetupa kweli?"

"Tumewapa," Beldina alisema. "Mtunze mikono yake. Anaitumia."

Waliingia Tena kimya kimya, na waliokuwa langoni hawakugeuka hadi gari liliposimama. Luseno alimpeleka binti yake madhabahuni akiwa na shati tu, mikono imekunjwa. Beldina aliketi mstari wa mbele, kilemba kimekaa upande, kucha zake nyeusi juu ya mapaja, na hakuzificha.

Baada ya ibada, wakati wa chakula uwanjani, Ng'ang'a alimjia na wazee wengine wa ukoo wake. "Mama Mitchelle, tufungulie tuone hicho chombo. Nimewaeleza, hawaniamini."

Miaka yote hiyo, kama kuna ombi alilolisubiri, ni lile. Beldina alitafuna nyama yake hadi akaimaliza.

"Leo kimelala, mkwe. Njooni Mbotela Jumapili yoyote. Kitakuwa na puli nyingine."

Wazee wakaenda hata hivyo. Kutoka kitini, akiwa katikati ya wimbo na sahani yake mapajani, aliwaona wakilizunguka gari la buluu lililofungwa, mikono nyuma, wakiinama kuchungulia chini ya magurudumu, wakibishana. Mmoja wao aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa haraka kwa joto la jua. Kisha akakirudisha, akakiacha hapo.