Kusafisha Mémoire

Clotilde alikuwa ameufurahia mno ukurasa wake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwezi mzima alikuwa akiifanya upya tovuti ya idara ya informatique, yaani ya kompyuta, ya chuo kikuu, hapa Likasi, Kongo, pamoja na orodha ya huduma zake. Mkuu wake, Monsieur Ghislain, alitaka kila huduma iitwe kwa maneno mawili, basi. Ndipo "kufuta kila kitu kwenye flash yenye virusi" ikawa "Nettoyage mémoire", yaani kusafisha mémoire, kumbukumbu ya flash. Jina fupi, safi, la kupendeza machoni.

Ila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akisikia mémoire hafikirii flash hata kidogo. Anafikiria ile kazi ya kuhitimu inayomnyima usingizi. Nani hajui? Clotilde mwenyewe aliandika yake miaka minne iliyopita, akasahau!

Sephora, mwanafunzi wa historia, aliamini idara sasa inawapangia wanafunzi kurasa za mémoire na kuwasahihishia vichwa vya sura. Akabofya "Ninakubali", akapewa nambari, akaiacha flash yenye mémoire yake kwenye dirisha la idara. Zamani fundi Athanase angemuuliza, "Mama, tukufanyie nini?" Utaratibu mpya ulimtaka afuate nambari tu, asiulize. Akafuata. Zikafutika kurasa themanini juu ya kambi za wafanyakazi wa mtaa wa Panda, pamoja na sauti za wazee aliowahoji mmoja mmoja. Nakala nyingine hakuna, maana kompyuta ya shangazi yake iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu.

Siku mbili Athanase alihangaika kuzirudisha. Alichopata ni ukurasa wa shukrani.

"Andika rapport," Ghislain alimwambia Clotilde. "Erreur ya étudiante. Alibofya ye mwenyewe, si vile?"

"Na kama minaandika kusema ni kosa yetu?"

"Jury ya examen itamupatia miezi tatu ya kuandika tena. Bila vile, atarudia mwaka. Lakini weye, contrat yako ya essai inaisha mwisho ya mwezi. Fikiria muzuri."

Clotilde alifikiria, na aliogopa, tusidanganyane. Kazi hiyo, ingawa bado ya majaribio, aliisotea miaka miwili. Akaandika "étudiante", kwamba kosa ni la mwanafunzi, akafuta, akaandika tena. Mara aibu ikamshika. Akafuta yote, akaandika: "Neno lina maana mbili. Niliyeliweka ni mimi." Akatia sahihi, akaiweka karatasi mezani kwa Ghislain bila kumtazama usoni.

Alimkuta Sephora kwenye ngazi za maktaba, flash tupu kiganjani.

"Mudogo, ni miye niliandika ile neno. Unisamehe. Nimesema vile mu rapport, watakupatia miezi tatu."

"Aksanti, yaya," Sephora alisema taratibu, kama kwa dada mkubwa. "Lakini bale bazee niliuliza, papa Évariste alisha kufa. Na maman Bibiane, hasikie tena muntu. Nitauliza nani?"

Clotilde aliketi kando yake.

Sephora aliigeuza flash. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ile siku nilifurahi sana, yaya. Nilionyesha na benzangu ile page yenu. Nilibaambia: muone, bale bantu ba informatique, leo njo banatufikiria."