Nyumba ya Kamba

Nyumba ya kufundishia zumari ya mume wangu, Mwinshehe, ilikuwa na vyumba viwili, baraza na mlango mpana, na yote ilikuwa kamba tupu. Mwaka wa tatu huo vigingi vimechomekwa mchangani nyuma ya soko la Bagamoyo, kamba zimezungushwa kuonyesha kuta, na ndani yake Mwinshehe akimfundisha kila atakaye, mwungwana kwa mtumwa, bila kumtoza mtu. Wanafunzi walivua viatu mlangoni. Mmoja wao, Kibwana mgema, alipokatiza ukutani, alirudishwa azunguke. Alasiri, nikiwatazama, hata mimi niliiona nyumba imesimama, kuta nyeupe, kivuli kimetulia ndani.

Kisha hasira ilinipanda. Boriti za paa zililetwa mara mbili, na mara mbili zilikwenda makaburini. Ulikuwa wakati wa ndui. Kila maiti alihitaji miti ya kumfunika kabla mchanga haujarudishwa, na miti mikavu ya karibu ilikuwa yetu. Watu walipokuja kuomba, Mwinshehe alisema, "Chukueni." Boriti ikishakatwa kwa kipimo cha kaburi, haifai tena kwa paa.

Nami nilijua jambo ambalo mji haukulijua. Mpiga zumari huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma, sauti isikatike. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Alitamani kuupiga wimbo wake mrefu chini ya paa, mwanzo hadi mwisho, wanafunzi waushike, maana pale wazi upepo uliwaibia.

Mzigo wa tatu wa boriti ulipofika, yeye alikuwa amekwenda kijiji cha Kerege. Nikazificha boriti nyuma ya choo, chini ya makuti.

Siku ya pili, Mwinshehe amekwisha kurudi, walikuja wapagazi wanne wa bara, wamefiwa na mwenzao.

"Poleni, wanangu," Mwinshehe aliwaambia. "Safari hii sina hata mti mmoja."

"Haidhuru, mzee. Tutamfunika kwa matawi."

Hawakunung'unika. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Ngojeni," nikasema. "Miti ipo nyuma ya choo."

Mwinshehe alinitazama. Akaenda kubeba pamoja nao.

Matanga yalipokwisha, wapagazi walirudi kushukuru. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Mwinshehe akachukua zumari, akaupiga wimbo ule wote. Pale sauti ilipozoea kukatika ikapita, na pa pili ikapita, na mji ukawa kama umeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Nililia kwa furaha, na kwa hofu pia. Alipomaliza alinipa zumari niishike. Hakuipuliza tena, na kabla ya masika tulimzika.

Paa liliezekwa mwaka uliofuata. Kibwana ndiye afundishaye humo. Wimbo anaupata wote isipokuwa mwisho, na akifika hapo huniita, nami huacha jiko langu nikaingia kumwimbia mwisho huo.